Msemaji Alikuwa Mimi

Majira yale ya baridi goti lilinivimba, nikakaa ndani hapa Buffalo mpaka theluji ikaisha. Mjukuu wangu akitoka kazini, kiwandani Tonawanda, alinisomea kitabu cha maktaba, akigeuza kwa Kiswahili. Kilieleza habari za mama mmoja wa ukoo mkubwa Uingereza, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Alikuwa na jumba, alikuwa na watumishi, na alitunga mashairi. Lakini jina lake hakuliweka. Mashairi yalipita mkono kwa mkono kwa rafiki zake tu.

"Kwani aliyaiba?" nikauliza.

"Hapana, Koko," akasema, maana kwetu bibi ni koko. "Aliogopa mume wake na maneno ya watu."

"Bon, haya. Na jumba lote lile!"

Akanitazama. "Na wewe je, Koko?"

Aliuliza huku akijua. Kwetu, milima ya Kivu Kusini, siku ya mahari kila upande una msemaji wa kusifu ng'ombe na binti, na msemaji ni mwanaume. Wetu alikuwa shemeji yangu. Maneno alikuja kuyachukua jikoni kwangu. Yeye alipigiwa makofi, mimi nilipakua chakula.

Kisha mjukuu huyo akaposwa na kijana wa Louisville. Siku ya mahari tukakutana katikati, Columbus, kwenye ukumbi wa Morse Road. Shemeji, ambaye naye yuko Marekani siku hizi, akanifuata jikoni.

"Shemeji, nipe maneno."

"Leo nasema mwenyewe."

"Donc, basi mimi wakwe wataniona nini?"

"Watakuona umekaa. Viti vipo."

"Na wakikasirika? Wakiondoka, mtoto ataolewa na nani?"

"Wametoka Louisville na bado hawajala. Hawaendi popote."

Nikasimama na fimbo yangu. Wazee wakaangaliana. Nikasifu ng'ombe tuliowaacha tulipokimbia vita, kisha nikamgeukia binti: "Tunawapa huyu aliyejifunza kutembea kwenye vumbi la kambi, akavuka theluji ya Buffalo bila kushikwa mkono. Msimvute. Tembeeni naye."

Mjukuu wangu alikuwa ameinamisha kichwa, amekunja vidole. Mzee wa upande wao akasimama polepole, akamwambia shemeji, si mimi: "Binti tumempokea. Na wewe msemaji, umemtungia mama huyu maneno mazuri."

Vigelegele vikaanza. Shemeji akainua mkono, vikakatika.

"Maneno ni yake," akasema. "Hata yale ya zamani."

Nikakaa. Siku ile chakula alipakua yeye.