Benchi la Mtumbwi

Mwanangu, kama ningerudishiwa siku moja tu ya ujana wangu, ningeichukua ile niliyokubali benchi la mama lipasuliwe kuni.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa karani hapa Garsen, nimetoka shule juzijuzi, na wazazi wa mchumba wangu walikuwa wanakuja kutoka Minjila kuiona nyumba. Sebule yetu ilikuwa na mkeka, na benchi refu ambalo mama alilichongesha kutokana na mtumbwi uliotuhamisha kutoka kijiji chetu cha Wema wakati wa mafuriko. Baba alitushusha salama, akarudi kuchukua mbuzi. Mtumbwi ulionekana, yeye hakuonekana. Upande wa mlangoni wa benchi lile mama hakumruhusu mtu kukaa. Mgeni akijisahau, humwambia, "Sogea kidogo, hapo pana mwenyewe." Mimi nikiona haya.

Salimu, karani mwenzangu, aliniletea viti vinne vya kuazima. Akalitazama benchi, akacheka. "Bwana karani, wakwe wakikaa hapa utawapa na kafi wapige?"

Nami nikacheka, nikampa shoka. Usiache mbachao kwa msala upitao: methali hiyo niliiandikia insha shuleni, nikasifiwa.

Mama aliporudi shamba alikuta viti vimepangwa, wali umeiva. Alisimama mlangoni, jembe begani.

"Baba yako yuko wapi?"

"Mama, baba si alichukuliwa na mto?"

"Nakuuliza wewe. Umempeleka wapi?"

Nikatazama pale palipobaki patupu. Mto haukuturudishia mwili, kaburi hatukuwa nalo. Kila asubuhi mama alipopapangusa pale kwa leso yake, kumbe alikuwa akizuru. Nilinyoosha kidole kuelekea jikoni. Hakulia. Alikaa kando ya mafiga mpaka majivu yakapoa, akayafunga kwenye leso, akashika njia ya Wema kabla wageni hawajafika.

Mwanangu, kabla hujatoa kitu sebuleni mwa wazazi wako, uliza kimewekewa nani. Uliza hata kama marafiki wanacheka. Mungu akujalie wazee wa kukujibu, na sikio la kuwasikia.

Mke nilimpata, na viti vyangu nikanunua. Lakini mama aliishi miaka tisa zaidi huko Wema asikanyage nyumba yangu, na katika watoto wangu watatu hakuna hata mmoja aliyewahi kupakatwa naye.