Shofere wa Majambazi

Jirani amewasha jenereta, na harufu ya petroli imenirudisha kwenye Jumapili moja ya utotoni, hapahapa mtaani Manika, televisheni yetu ikiendeshwa kwa jenereta. Tata, baba yangu, alikuwa ametoka machimbo ya Mashamba, hoi, nami nikimfasiria filamu ya mfululizo ya majambazi kwa kuwa Kifaransa kilimshinda. Watu wa filamu walikuwa wengi mno, mabinamu, mawakili, shofere aliyemwendesha mkubwa wao, na tata aliwachanganya wote.

"Shofere iko wapi?" aliniuliza.

Shofere alikuwa amepigwa risasi akafa katika sehemu iliyopita, tata akiwa amesinzia. Lakini wiki ile udongo ulikuwa umemfukia rafiki yake shimoni, na tangu mazishi tata alikuwa hali chakula.

"Alienda ku Sandoa, tata, kuona bazazi yake, mama na baba."

"Ni muzuri," alisema, akafumba macho. "Apumuzike kidogo."