Kadi Aliyoifunga Dada

Katika nyumba yetu kuna mkasi usioguswa. Ni wa dada yangu, fundi wa mapazia na sare za shule, na kazi yake ni kitambaa tu. Ukitaka kukata karatasi, kuna mkasi mwingine jikoni. Ukitaka kufungua pakiti ya biskuti, una meno. Shemeji yangu, wiki ya kwanza ya ndoa, aliuchukua akafungulia mfuko wa sabuni ya unga, na nusura arudishwe kwao na sabuni yake. Tangu siku hiyo hajaushika tena.

Kitu cha pili kisichoguswa kilikuwa kadi ya benki. Si ile ya kutolea pesa zako mwenyewe. Hii ilikuwa ya mkopo: unatumia leo, unalipa kesho, na hiyo kesho ina riba. Dada aliipata mwaka ambao shemeji alilazwa na tumbo, na hospitali ikataka pesa kabla ya daktari kushika kisu. Tulizunguka kwa ndugu na jamaa. Kila mtu alikuwa na pole, hakuna aliyekuwa na pesa. Ni mama mmoja wa benki, mwenye miwani, aliyemsikiliza dada mpaka mwisho bila kutazama saa, akampa kadi. Shemeji akapasuliwa, akapona. Sasa anakaa kwenye cherehani ya pili, chumba cha mbele, anashona mashati na kutia vifungo, na watoto wa mtaa wanamwita Bwana Vifungo.

Kwa hiyo dada hakuiona kadi ile kama kadi. Aliiweka kwenye kopo la sindano na kuipangusa kila Jumapili. "Hii ndiyo iliyonirudishia mume," alikuwa akisema, na mimi nilikuwa nakubali, maana shemeji ninampenda, na miezi ile ya hospitali siitaki tena maishani mwangu.

Lakini shukrani ni jambo moja na riba ni jingine. Dada alilipa kila mwezi bila kukosa, na deni halikusogea. Riba ilikula malipo yote, deni likabaki limekaa pale pale, mgeni asiyejua kuaga. Shemeji alilifanyia mzaha. "Mimi natia vifungo," aliniambia, "dada yako anatumikia kifungo." Tulicheka, ila dada hakucheka.

Siku moja narudi kutoka kazini, nakuta mwanamume simjui ameinama juu ya cherehani ya shemeji, anazungusha gurudumu na kuchungulia chini ya meza. Dada ameamua kuiuza apunguze deni. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, utepe wa kupimia shingoni, hana cha kupima. Mimi subira sikujaliwa. Nikamuuliza yule bwana amekuja kununua au kubomoa. Akasema atarudi akipata mshahara.

"Cherehani ikiondoka, mimi nitakaa wapi?" shemeji aliniuliza baadaye, kwa sauti ya chini. Viti tunavyo vingi pale ndani. Nilijua anachouliza.

Mimi ni keshia katika duka kubwa, na jibu lilinifuata huko huko kazini. Benki nyingine iliweka meza mlangoni, na binti mmoja mwenye skafu ya bluu akawa anawaita wateja: "Hamishieni madeni yenu kwetu!" Nilimpita siku mbili nikimtazama kwa jicho la pembeni. Rahisi ni ghali, na mimi mtu akinichekea sana hushika mkoba wangu. Siku ya tatu nikatumia muda wangu wa kula kumhoji.

Alinieleza bila kuchoka. Benki yao inalilipa lile deni la zamani lote, halafu unadaiwa na wao. Mwaka wa kwanza hakuna riba kabisa, na baada ya hapo riba ni ndogo. Kuna ada ya kuhamisha, unalipa mara moja. Na kuna sharti: kadi ya zamani ifungwe kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata, la sivyo nafuu yote inafutwa.

"Mbona mmekuwa wema hivyo?" nikamuuliza.

"Si wema, aunti," akasema. "Wanataka mteja. Wanajua akishakuja, hatakuwa na nguvu za kuhama tena."

Jibu lile ndilo lililonifanya nimwamini.

Dada hakutaka hata kusikia. "Watu walinishika mkono nikizama," akasema, "leo nimefika nchi kavu niwageuzie mgongo? Shukrani ya punda ni mateke. Mimi si punda."

"Walikushika mkono, ndiyo," nikasema, "lakini mpaka leo hawajauachia!"

Tukapandishiana sauti pale, mapazia ya watu yakituangalia. Shemeji alikuwa anatia kifungo kwenye shati. Akamaliza, akakata uzi kwa meno, akaliweka shati mezani.

"Mke wangu," akasema, "aliyepona ni nani?"

"Si wewe?"

"Basi hiyo shukrani nipe mimi. Niachie cherehani yangu."

Dada akalichukua lile shati, akalikunja. Kisha akaniuliza kama yule binti wa skafu anafanya kazi Jumamosi.

Mambo yakaenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Maombi yakapita, deni likahamishwa, kadi mpya ikaja ndani ya bahasha. Binti wa skafu akapiga simu, na mimi nilikuwepo.

"Sasa mama, usisahau kuifunga ile ya zamani."

"Naifunga leo leo, mwanangu," dada akasema, na jioni ile akaniambia amekwisha kuifunga. Yule bwana wa cherehani tukampa taarifa kwamba biashara haipo. Shemeji akaipaka mashine yake mafuta, akawa anapiga mluzi siku nzima. Mluzi wake ni mbaya, lakini nilimshukuru Mungu kwa kila noti iliyokosewa.

Mwisho wa mwezi ulipokaribia, binti wa skafu akaja mpaka kwenye kaunta yangu bila kikapu. "Aunti, ile kadi ya zamani bado iko wazi. Isipofungwa wiki hii, riba inarudi."

Nilipandwa na hasira nikaenda nyumbani na sare ya kazi. Sikutoa hata salamu.

"Dada, si uliniambia umeifunga?"

"Nimeifunga."

"Haijafungwa!"

"Mdogo wangu, usinifanye mwongo ndani ya nyumba yangu."

Akainuka, akafungua kopo la sindano, akatoa kifurushi akanitia mkononi. Kilikuwa cha mahameli nyekundu, kipande kilichobaki kwenye mapazia ya mteja tajiri. Kadi ilikuwa humo ndani, imeshonewa pande zote kwa mishono midogo, halafu imezungushiwa uzi na kupigwa fundo.

"Nimeifunga vizuri," dada akasema. "Hata mwizi atachoka."

"Na kifungo nimetia mimi," shemeji akasema kutoka kwenye cherehani yake. Kweli, kilikuwepo, cha dhahabu.

Hasira yangu ilikwenda wapi sijui. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipopata pumzi nikawaeleza kwamba kadi inafungwa kule kule benki, kwenye kompyuta yao, na hii ya mkononi ni plastiki tu.

"Sasa kwa nini hawakusema ifutwe?" dada akauliza, amenuna. "Mtu anakwambia funga, unafunga."

Nikamrudishia kifurushi chake mkononi.

Kesho yake tulikwenda benki ya zamani, na dada akashikilia kwamba shemeji lazima aje. Alimpigia shati pasi, akamkagua kola. Mimi nikaona tunapoteza muda, lakini katika nyumba ile mwenye pasi ndiye mwenye amri.

Mama wa miwani hakuwepo. Alihamishiwa tawi jingine zamani. Tukaketi mbele ya kijana mwenye tai. Dada akafumua mishono kwa pini, taratibu, akaiweka kadi mezani.

"Kabla hujaifunga, nina neno," akasema. "Yule mama mliyemhamisha alinipa hii nikiwa sina mtu. Sikuja kuikimbia. Huyu hapa ndiye niliyemkopea. Alikuwa hawezi hata kugeuka kitandani. Mtazame."

Shemeji aliona haya, lakini akasimama wima, na kwa mazoea ya fundi akageuka kidogo, upande na upande, kama anapimwa suti. Kijana akainuka kwenye kiti chake, akampa mkono.

"Wengi wanakuja hapa kufunga kadi kwa matusi," akasema. "Nitamfikishia salamu, mama. Nitampigia mimi mwenyewe."

Dada akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Na mimi, mpenda kelele, nilikuwa natazama sakafu, maana kumbe kwa miaka yote nilikuwa nabishana na mtu anayetafuta tu pa kusema asante.

Kijana akabofya, akasubiri, akabofya tena. "Imefungwa. Sasa tunaikata." Akatoa mkasi wa ofisini, akabana. Kadi ikapinda, haikukatika. Akabana tena, ikateleza ikaanguka mezani.

Dada akafungua mkoba wake. Akatoa taulo dogo, akalikunjua, na ndani yake ulikuwa mkasi.

Nikamshika mkono. "Dada, hiyo ni plastiki."

"Naiona."

Akaushika mkasi kwa vidole vyake vyote, akaikata kadi katikati kwa mkato mmoja ulionyooka, vile anavyokata kitambaa cha bei asichotaka kukosea. Vipande viwili vikalala mezani. Shemeji akainama karibu naye.

"Makali yameharibika," akamnong'oneza.

"Mkasi unanoleka," dada akasema. "Wewe ningekupata wapi?"

Kisha akampa aubebe mkasi, na shemeji akaubeba kwa mikono miwili mpaka nyumbani.