Askari Aliyemtoa Somoe Darasani

Juzi niliona watoto wakimsalimia askari kwenye lango la shule ya mwanangu, wakicheka, nami nikamkumbuka askari wa utotoni mwangu.

Shuleni kwetu Makote, alasiri moja iliyonuka mabibo ya mikorosho, askari aliingia darasani na buti zake nzito.

"Nani anasumbuliwa njiani?" aliuliza.

Rafiki yangu Somoe alinyoosha mkono, akatolewa nje. Kwa akili zangu, askari alikuja kukamata tu. Nilitoroka darasani, nikakimbia nyumbani kwa kina Somoe.

"Mama Somoe, wamemfunga!"

Mimi na mama yake tulimkuta Somoe kwenye gari la polisi nje ya shule, anakula andazi. Aliyefungwa pingu, baada ya Somoe kumtaja, ni mzee jirani, aliyezoea kutugawia korosho njiani.

"Shikamoo, babu," nilimwamkia.

Aligeuzia uso pembeni.

Leo naelewa kwamba korosho zile zilikuwa chambo. Siku ile sikujua nimwogope nani.