Santuri Yenye Chafya

Mtaani walimwita Simfoni, na jina hilo hakuliokota njiani; alilisaka mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kutengeneza friji. Kibanda chake cha mabati kilijaa friji zilizokata roho, na juu ya ile ambayo hata yeye alishakubali kwamba haifufuki, aliweka mashine ya kuchezea santuri aliyoiunga kwa mkanda wa mashine ya kufulia. Mteja akileta friji isiyogandisha, kwanza alisikilizishwa fidla za Wazungu waliokufa kabla babu yake hajazaliwa, ndipo aulizwe tatizo. Na ole wake aliyethubutu kuuliza, "Fundi, huu ni muziki gani?" Huyo alishinda hapo. Aliondoka anajua kila kitu kuhusu tarumbeta, isipokuwa kama friji yake itapona.

Ujuzi wote huo ulizaliwa jioni moja. Zamani, yeye na mkewe wakiwa wachanga katika ndoa, okestra kutoka ng'ambo ilikuja kupiga katika ukumbi mkubwa wa mji, na mteja mmoja akamzawadia tiketi tatu za viti vya mbele. Simfoni, wakati huo fundi tu asiye na jina, akaenda na mkewe na dada wa mkewe. "Nililia," aliwaambia watu miaka yote iliyofuata. "Sehemu ya pili, ile ya polepole, nilifumba macho nikasahau kama nina miguu." Mtu akirudia jambo mara nyingi vile, mwishowe hata yeye mwenyewe huliamini.

Ambalo hakupenda kusimulia ni lililotokea katika sehemu hiyo hiyo ya pili. Fidla zilipofika mahali pa kunong'ona, ukumbi mzima umeshika pumzi, mtu akapiga chafya. Wala haikuwa chafya ya kwenye leso. Ilikuwa chafya ya kufungua mlango uliokwama. Kiongozi wa okestra akageuza shingo. Mama mmoja mwenye kofia, aliyekaa mbele yao, naye akageuka akawatazama wale ndugu wawili kwa zamu. Simfoni alikuwa katikati yao, ameketi wima, kakunja uso kama mtu aliyekatiziwa utamu, anauliza ni nani huyo. Mke alijua si yeye. Dada mtu alijua si yeye. Na aliyekaa katikati ndiye huyo anayeuliza. Basi kila mmoja akajua jibu lake.

"Dada, ungetumia hata leso," mke alisema walipotoka nje.

"Mimi? Mdogo wangu, usinifanyie hivyo. Wewe ndiye uliyetuaibisha."

Ingekuwa familia nyingine, yangeishia kwenye kicheko. Lakini dada mtu alikuwa mwalimu wa muziki, na mama wa kofia alikuwa na watoto katika shule aliyofundisha. Wiki haikuisha kabla wanafunzi hawajambatiza: Mwalimu Chafya. Akiingia darasani, mtu huko nyuma anapiga chafya. Akiinua mkono kuongoza kwaya, wanapiga chafya kwa sauti nne, tena kwa mpangilio aliowafundisha mwenyewe. Jina hilo alilibeba mpaka akastaafu, akiamini mdogo wake alimwachia mzigo usio wake. Na mdogo mtu akaamini dada yake ni mwongo mwenye majivuno. Walianza kwa kununiana, wakaendelea kwa kutumiana salamu, mwishowe hata salamu zikakatika. Simfoni akabaki kuwa mjumbe wao. Mjumbe hauawi, ni kweli, ila huchoka.

Ilijulikana kwamba okestra ile ilirekodiwa jioni ile ile. Maikrofoni zilining'inia juu kabisa ya vichwa vyao. Labda ndiyo sababu viti vile viligawiwa bure. Santuri zilitoka, zikauzwa kidogo, zikapotea. Simfoni akajipa kazi: aipate santuri moja, waisikilize wote watatu, aliyepiga chafya ajulikane, yaishe. Ndivyo alivyoanza kuwinda mtandaoni, na ndivyo alivyonogewa.

Maana uwindaji una kanuni zake. Usiende kwa wauzaji wa santuri. Hao wanajua thamani ya walichonacho, watakuchuna ngozi. Nenda kwa watu wanaosafisha nyumba ya marehemu, wanaoweka santuri na sufuria kwenye picha moja. Halafu usionyeshe unachotaka. Ulizia pasi. Sifia viatu. Ukiwa unaaga ndipo useme, "Na hizo sahani nyeusi, unazitupa lini?" Kwa ujanja huo alipata muziki mwingi kwa bei ya kutupa. Alipata pia santuri ya mafunzo ya mazoezi ya wajawazito, pande mbili, akayasikiliza mpaka mwisho na kusema mpiga kinanda wake si haba.

"Wewe baba, hii pasi nyingine ni ya nini tena?" mkewe aliuliza.

"Hiyo ni ya mbinu."

"Basi waambie mbinu zako zianze kunyoosha nguo."

Hivyo alicheka na kununua, akanunua na kucheka, mpaka siku dada mtu alipomtumia ujumbe: anahamia kwa mwanawe, mji wa mbali, hana mpango wa kurudi. Shemeji aje amwangalizie friji apate kuiuza. Simfoni alimkuta katikati ya maboksi, kuta zimebaki na misumari mitupu.

"Shemeji, utaondoka bila kumuaga mdogo wako?"

"Aniombe radhi, nitamuaga."

Nyumbani mke akajibu hayo hayo, neno kwa neno, utadhani wamekaririshwa na mwalimu mmoja. Kisha akageukia sufuria, akaisugua mpaka Simfoni akaionea huruma sufuria. Alipomchungulia, mkewe alikuwa analia kimya kimya. Hakuwa na ndugu mwingine duniani. Safari hii Simfoni hakucheka, na akaanza kuwinda kwa hofu.

Santuri ilijitokeza mchana mmoja, yeye akiwa amelala chali nyuma ya friji ya muuza maziwa, simu mkononi. Muuzaji alikuwa mtu wa mji mwingine aliyerithi bidhaa za duka la baba yake. Picha ilionyesha santuri ikiwa bado katika karatasi yake ya kiwandani, pamoja na kidole gumba cha mguu wa muuzaji. Chini aliandika: "Haijafunguliwa. Wateja walizirudisha nyingine kwa sababu kuna mtu anapiga chafya. Ndiyo maana ni rahisi."

Moyo wa Simfoni ulilipuka, na kichwa kikagonga friji. Lakini mwindaji ni mwindaji.

"Habari yako," aliandika. "Pasi unayo?"

"Sina pasi."

"Viatu je?"

"Mzee, unataka santuri au hutaki?"

"Naitaka kidogo tu. Hiyo chafya ni kubwa kiasi gani?"

"Kubwa. Marehemu baba alisema akimpata aliyeipiga, atamlipisha duka zima."

"Basi punguza. Siwezi kulipa bei ya muziki, juu yake nibebe na chafya ya mtu asiye na adabu."

Muuzaji akapunguza nusu. Simfoni alitoka nyuma ya friji ile akitembea kifua mbele, na muuza maziwa akadhani mashine imepona.

Santuri ilipofika, hakuigusa. Aliiacha ndani ya karatasi yake, asije akaambiwa ameichezea. Siku ya kurudi kumalizia friji ya shemeji akapakia mashine yake kwenye mkokoteni, akamwambia mkewe anahitaji mtu wa kumshikia tochi. Mke aliujua uongo huo ulikotoka na ulikokwenda, na alivaa viatu haraka kuliko siku zote.

Dada mtu alipowaona mlangoni alisita. Kisha akasema "karibuni", kwa wingi, na hilo peke yake lilikuwa jambo. Simfoni akaeleza alichokuja nacho. Dada mtu akaipokea santuri, akaikagua kila upande kama msimamizi wa uchaguzi anayekagua sanduku la kura, akampa mdogo wake naye akague. Wakakubaliana haijafunguliwa. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu jioni ile.

Wakaketi juu ya maboksi. Sehemu ya kwanza ilipita, hakuna aliyeisikia. Ikaja ya pili. Fidla zikaanza kushuka taratibu, na chini yake kukasikika kitu kingine, kizito, kinachovuta na kuachia.

"Kuna nini huko chini?" dada mtu akauliza.

Simfoni akainua kidole. Hapo sasa walikuwa wamegusa fani yake. "Hiyo ni mashine ya kupoza hewa ya ukumbi. Sikilizeni inavyokwaruza. Beringi imekwisha na haina hata tone la mafuta. Ingeletwa kwangu hiyo, ningewaambia waitupe."

Mke alitega sikio. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Sauti ile alikuwa amelala kando yake maisha yake yote ya ndoa, akaizoea kama mtu anavyozoea friji ya jikoni, ambayo huisikii mpaka izime.

Ikazima. Ikafuata chafya, na misumari ikabaki kidogo kuanguka ukutani. Halafu, karibu kabisa na maikrofoni, sauti ya mwanamume anayetoka usingizini, kakasirika kama nini: "Nani huyo?"

Fidla ziliendelea bila kujali.

"Baba," mke akasema polepole, "ni mashine gani hiyo, inazima halafu inapiga chafya?"

"Na kuuliza ni nani," dada mtu akamalizia.

Simfoni akapunguza sauti ya mashine. "Nilikuwa nimefumba macho," alisema.

Hapo ndipo walipoanguka sakafuni. Walicheka wale ndugu wawili mpaka boksi moja likapasuka na vikombe vikatoka nje. Wakairudisha sindano, wakaisikiliza tena chafya, wakacheka upya. "Nyani haoni kundule!" dada mtu alipiga kelele, mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake. Kisha kicheko kikageuka bila kuaga. "Mdogo wangu, nilikudhania mbaya." "Nami nilikuita mwongo, dada." Wakashikana pale pale sakafuni, kati ya vikombe.

Simfoni alisimama kando akishikilia bisibisi. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Alikuwa akifikiria madarasa yale yote, watoto wale waliokuwa wakipiga chafya nyuma ya mgongo wa mwanamke asiye na kosa. Kwa usingizi ule mmoja yeye alipata jina la Simfoni, na shemeji yake akapata Chafya.

"Shemeji," alisema, "nisamehe."

Dada mtu akajifuta macho. "Nimekusamehe. Ila santuri naondoka nayo."

"Hiyo? Shemeji, hiyo nimeisaka mpaka—"

"Ina chafya. Utamuuzia nani?"

Simfoni akairudisha santuri katika karatasi yake akamkabidhi, maana hoja ilikuwa yake mwenyewe.

"Na jina langu nakuachia," shemeji akaongeza. "Nimelitumia sana, lakini halijachakaa."

Akaondoka na mabegi yake, na mdogo wake alimsindikiza mpaka basi lilipopotea. Siku hizi wanaongea kwa simu kila mchana, na chakula cha Simfoni hupoa kikimsubiri mtu amalize kucheka. Hadithi nayo ilifika mtaani kabla hata yeye hajarudisha mashine kibandani. Mke hakuona sababu ya kuificha.

Juzi alikuwa amekaa na santuri mpya, aliyoipata pamoja na pasi, fidla ndiyo kwanza zinaanza. Mteja akasimama mlangoni na friji kwenye mkokoteni.

"Hodi! Nimeelekezwa hapa kwa Mzee Chafya. Yupo?"

Simfoni akaitazama santuri. Kisha akainua sindano, akaiweka pembeni, akatoka nje akijifuta mikono.

"Ndiye mimi," alisema. "Friji ina tatizo gani?"