L Yangu, R Yake

Mmoja wetu alizama kwenye mfereji wa mpunga kule Rujewa, tukiwa na miaka mitano hivi. Nakumbuka maji yalivyokuwa ya uvuguvugu, rangi ya chai ya maziwa, na nyasi za pembeni zilivyoinama juu yangu taratibu, na kimya kilichokuwa kitamu mno. Halafu nakumbuka mkono wa baba ukinivuta nywele. Tatizo ni kwamba dada yangu naye anakumbuka hivyohivyo, nyasi na mkono na kila kitu. Baba enzi za uhai wake ukimuuliza alikuwa anajibu, "Alizama pacha." Basi. Pacha yupi, hakuona kama hilo ni swali.

Tulizaliwa mapacha, yeye akatangulia, mimi nikafuata, ndiyo maana hadi leo namwita dada japo kanizidi dakika tu. Wazazi wetu walikuwa Wasukuma waliohamia Usangu na ng'ombe wao kabla sisi hatujazaliwa. Majina ya kimila ya mapacha kwetu hayachaguliwi, yapo tayari, kila mtu anayajua. Shida ilikuja kwenye jina la ubatizo. Mama alikuwa amependa jina moja tu, alilisikia likisomwa kanisani, akasema watoto wake wote wawili wataitwa hilohilo. Mwinjilisti akamwambia haiwezekani, kitabu hakikubali. Mama akakaza. Mwinjilisti alikuwa mpole, hapendi ugomvi, akakuna kichwa akapata njia: mmoja akamwandika kwa r, mwingine kwa l, mahali palepale. Mama akaridhika kabisa, kwa sababu kwenye ulimi wake r na l zilikuwa kitu kimoja. Dada akapewa r. Mimi nikapewa l, ile ambayo kila anayeiona anadhani imekosewa.

Shuleni mwalimu akiita jina tuliitikia wote wawili. Mmoja akiumwa, mwingine aliitikia peke yake, na mwalimu akaweka vema mbili kwenye rejista. Sijui ni siku ngapi nimehudhuria shule nikiwa nimelala nyumbani na homa. Nikilifikiria jambo hilo najisikia raha fulani, kwamba nilikuwa mkekani nasikiliza njiwa, na wakati huohuo niko darasani najifunza kujumlisha. Mambo mengi ya utoto wetu yako hivyo. Kuna nyuki waliomuuma mmoja wetu, kuna ndama aliyependa kumfuata mmoja wetu, na mimi nimeacha kubishana kuhusu nani.

Ukubwa ndio uliotutenganisha. Yeye aliolewa Chunya, kwa mkulima wa tumbaku. Mimi nilikwenda Iringa kusomea ushonaji, nikabaki hukohuko, Kihesa, nikawa fundi wa sare za shule. L yangu ikaanza kutembea yenyewe, maskini, na haikufika popote salama. Cheti cha shule kina l. Kwenye kadi ya mpiga kura, karani alinitazama kwa huruma, akasema, "Hili jina linaandikwa kwa r, dada. Wazazi wetu hawa!" Akanirekebisha bila kuombwa. Kitambulisho cha taifa kikarudi na l, maana nilipeleka cheti. Benki walitumia kadi, wakaweka r. Laini ya simu sijui hata waliandika nini. Mimi nilikuwa nacheka tu. Utotoni tulivaliana magauni, nikaona na hili ni gauni jingine.

Kicheko kilinikauka siku mama mwenye nyumba aliponiita. Nilikuwa nimepanga kwake chumba cha mbele kwa muda mrefu, chumba chenye dirisha la barabarani. Asubuhi jua la Iringa linaingia pale pole pole, limepoa, linapanda kwenye meza ya kukatia hadi linafika kwenye vitambaa vya buluu, na vumbi la nyuzi linaelea mpaka unasahau ulikuwa unapima nini. Wanangu walilala chini ya meza ile wakiwa wachanga. Yule bibi akaniambia, "Mwanangu, chumba hiki cha mbele nakiuza, nakwenda kukaa kwa binti yangu. Nimekwambia wewe wa kwanza. Nakusubiri mpaka mwisho wa mwezi."

Nusu ya hela nilikuwa nayo. Nusu ningekopa, na wala sikuwa na wasiwasi. Miaka michache nyuma nilipokopa cherehani mbili za umeme, kijana wa mikopo pale benki aliniambia, "Mama, una rekodi nzuri sana, tena ya siku nyingi." Weee! Nilitoka pale shingo juu. Sikujiuliza ya siku nyingi imetoka wapi, mimi ambaye kabla ya hapo nilikuwa nakopa kwenye kikundi chetu cha akina mama tu, kwa daftari. Nilijua ni uaminifu wangu umefika huko juu. Kwenye kikundi nikawa nawahubiria wenzangu, jina ni kulitunza, jina ni kulitunza. Nilikuwa naringa, sikatai.

Safari hii alikaa binti mmoja pale dirishani. Akabonyeza, akasubiri, akanyanyua uso. "Mama, mfumo umekataa. Una mkopo chechefu."

"Chechefu ndiyo nini?"

"Haulipwi, mama. Umesimama. Ulichukuliwa Chunya."

Mimi Chunya nimefika mara moja maishani, kwenye harusi ya dada. Binti akanigeuzia kioo nione mwenyewe. Lilikuwa jina langu la benki, lile la r, tarehe yangu ya kuzaliwa, jina la baba, jina la babu, mahali pa kuzaliwa Rujewa. Mtu mzima mmoja aliyekamilika, na si mimi. Chini yake kulikuwa na orodha ndefu, lakini macho yangu yaliona mstari mmoja tu, ule mwekundu.

Nilijua palepale. Na mimi nina mdomo. Sikungoja hata kufika nyumbani, nilisimama nje ya mlango nikapiga simu. Kwa muda mrefu tulikuwa hatuongei sana, si kwa ugomvi, kwa uvivu tu wa watu waliozoea kwamba mwenzao yupo. Alipopokea, hata salamu sikumpa. "Umenichafulia jina!" nilipiga kelele. "Mikopo yako imeniziba kila mahali! Chumba changu kinauzwa na mimi siwezi kukopa hata sindano kwa sababu yako! Huna aibu?"

Nilisikia upepo wa huko kwake, na kuku.

"Jina lipi?" akauliza. "Lako au langu?"

Nilikata simu. Hasira zilinikaba mpaka nikashona mfuko wa shati kwa ndani.

Yule binti wa benki alinielekeza la kufanya: ofisi yao kubwa iko Mbeya, twende wote wawili, na vyeti vya ubatizo, na viapo vya mwanasheria. Mwanasheria wa Iringa alikuwa na karatasi yake imeshachapwa tayari, unajaza nafasi tu: majina yafuatayo yote ni ya mtu mmoja. Watu wanaokwenda kwake wana matatizo hayo, majina mengi mtu mmoja. Nilipomweleza kwamba sisi ni jina moja watu wawili, akavua miwani. Ikabidi aandike viwili. Kiapo cha kwanza kilisema mimi wa l na mimi wa r ni mmoja. Cha pili kilisema mimi na yule wa r ni wawili. Nilivisoma vyote mara mbili, nikahisi kizunguzungu kidogo, nikasaini.

Dada nilimtumia ujumbe wa siku na saa. Akajibu, "Sawa."

Basi liliondoka Iringa giza halijaisha. Nililaza kichwa dirishani. Baada ya Makambako nilisinzia, na nilipofumbua macho bonde la Usangu lilikuwa limetandazwa upande wa kulia, limejaa mwanga, halina mwisho, na kwa mbali maji ya mpunga yakimetameta vipande vipande. Nilihisi kwamba nikitazama vizuri nitaona watoto wawili wakikimbia juu ya tuta. Nikajaribu kuwa na hasira tena, nikajikumbusha chumba, nikajikumbusha mstari mwekundu. Hasira ikaja, lakini kwa kuburutwa.

Mbeya kulikuwa na ukungu. Mlima haukuwepo kabisa, na watu walitokea ghafla mbele yako wamejifunga mashuka, halafu hawapo tena. Nilisimama kwenye ngazi za benki nikasubiri basi la kutoka Chunya. Ndipo nikaona uso wangu ukivuka barabara. Ulikuwa umechoka kuliko unavyochoka kwangu, na viatu chini yake vilikuwa na vumbi jekundu. Akanisalimia kwa Kisukuma, kama ambavyo mama angetusalimia, na mimi nikaitikia kabla sijakumbuka kwamba nimenuna.

Kwenye benchi alinieleza bila kuulizwa. Baada ya miaka ya tumbaku, yeye na mumewe walikopa wakanunua karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Wachimbaji walileta mawe, wao wakasaga, mambo yakaenda. Halafu mashimo ya jirani yakakauka, wachimbaji wakahamia kwingine ndani ya wiki moja tu, mashine ikabaki peke yake porini. Mumewe naye akaondoka na wachimbaji na hajarudi. "Pale kijijini naitwa mdaiwa," akasema. "Nikipita, wanasema mdaiwa huyo." Nikamwambia ungenipigia simu. Akasema, "Ulipiga wewe."

Tukaitwa ndani. Mama mmoja wa makamo, mtulivu, akachukua vyeti na viapo, akatutazama, akatutazama tena, akacheka. "Jamani! Hata mimi ningekosea." Akatuwekea kile kidude cha alama za vidole, mmoja baada ya mwingine. Vidole tu ndivyo ambavyo hakuna karani aliyewahi kuvirekebisha. Akafanya kazi kwa muda mrefu, huku sisi tumekaa magoti yanagusana kama kwenye dawati la darasa la kwanza. Mashine ikatoa karatasi. Akazigawa, hizi zako, hii yako.

Yangu ilikuwa moja, tena nusu yake nyeupe. Mkopo mmoja, wa cherehani. Umelipwa, na kucheleweshwa mara tatu. Hizo mara tatu nilikuwa nimeshazisahau kabisa, haki ya Mungu, nilikuwa nawaambia watu sijachelewa hata siku moja.

"Kwa hiyo ule mkopo chechefu si wangu," nikasema.

"Si wako, mama. Umesafishika." Akasita. "Ila na ile rekodi nzuri ya siku nyingi nayo si yako. Ni ya mwenzako. Wewe kwa kiasi unachoomba, bado hatukujui vya kutosha."

Ndivyo chumba kilivyoondoka, kwa sauti ya upole namna ile. Mwisho wa mwezi alikinunua muuza vipuri vya pikipiki, na mimi sasa nashonea barazani kwangu, mvua ikija nahama na cherehani. Nililia nilipotoa ile meza ya kukatia, sitaficha. Lakini pale Mbeya machozi hayakuja, kwa sababu nilikuwa namwangalia dada.

Zake zilikuwa karatasi kadhaa zimebanwa pamoja. Alizishika kwa mikono miwili mbali kidogo na uso, hakuwa na miwani. Kidole chake kilikuwa kinashuka mstari kwa mstari, na midomo inasoma bila sauti, halafu kwa sauti ndogo. "Huu wa mbolea. Umelipwa. Huu wa mbolea tena. Umelipwa. Huu ni ule mwaka mvua ya mawe ilipiga tumbaku yote, niliuza kitanda." Akasimama hapo na kidole. "Umelipwa." Akaendelea. Mtoto wa kwanza kwenda sekondari, umelipwa. Bati za nyumba, zimelipwa. Ulikuwa ni msururu wa miaka ambayo mimi sikuwepo na sikuuliza, yote imeandikwa pale, na kwenye yote alikuwa amefanya alichosema atafanya. Mimi nilikuwa nimetembea Kihesa yote nikiringia miaka hiyo, na kitu pekee chake kilichonifanya nimpigie simu ni mstari wa mwisho.

"Kumbe nilikuwa mtu mzuri hivi," akasema. Hakuwa anamwambia mtu.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikamshika mkono, ule usioshika karatasi, mgumu kuliko wangu, wenye kovu ambalo mimi sina. "Dada," nikasema, "nisamehe."

"Subiri kwanza," akasema bila kuinua macho. "Bado ukurasa wa pili."