Kigoda cha Mlangoni

Nilipokuwa mtoto kule Guangzhou, hakuna aliyetoka kwetu kwenda safari kabla hajakaa kimya kidogo kwenye kigoda cha mlangoni. Hiyo ilikuwa amri ya Bibi, mzaa baba. Bibi alikuwa Mrusi, wa mji mdogo wenye nyumba za mbao na kanisa lililogeuzwa ghala la viazi. Babu alimkuta huko masomoni, akamleta Moshi; Baba alipofungua duka Guangzhou, Bibi alikuja kuishi nasi. Asiyekaa, alisema, hafiki. Baba yake mwenyewe aliondoka bila kukaa, na hakurudi.

Asubuhi moja Baba alikuwa anawahi kontena bandarini Nansha. Mama alikuwa Dar, anangoja mzigo.

"Kaa kidogo, mwanangu," Bibi alisema.

"Mama, nitakaa kwenye basi!" Akacheka, akanipapasa kichwa, akashuka ngazi.

Nilimwona kutoka dirishani. Hakumaliza hata mtaa wetu wa Dengfeng. Ulikuwa wakati wa misako ya wageni wasio na vibali. Polisi walijaa pale chini, kila mweusi pasipoti, pasipoti! Viza ya Baba ilikuwa imeisha, na msimu ule walikataa kumrefushia. Wakamsukumia garini huku naangalia.

"Nilimwambia akae," Bibi alisema.

Jamani! Hakuwalaani polisi. Alilaumu makalio ya mwanawe!

Walimfungia, kisha wakamrudisha Tanzania mikono mitupu. Duka likafa. Mimi na Bibi tulipomfuata Moshi, nilimkuta ameinamisha kichwa kama mwizi. "Ni kweli," aliniambia, "sikukaa." Nilitamani kupiga ukuta ngumi.

Nilipokua nilimbana Bibi: baba yako alikuwa anasafiri kwenda wapi?

Akajibu: "Hakuwa na safari, mjukuu wangu. Watu wa serikali waligonga mlango. Hawakumpa nafasi ya kukaa."

Kumbe! Mji wao mzima kule Urusi ulijua nani aligonga, na mji mzima ukasema ni kigoda. Kumtaja aliyegonga kulikuwa kujitafutia kifo. Kigoda hakimshtaki mtu. Nilimhurumia Bibi siku ile, lakini hasira haikuniisha, na haijaniisha.

Bibi hayupo tena. Baba bado anakaa kila akitoka, hata akienda sokoni tu. Mimi sikai, ng'o! Na wanangu wakiniuliza kwa nini babu yao aliacha biashara, siwaambii habari za kigoda. Nawaambia alikamatwa na polisi, mchana kweupe, na hakuwa ameiba kitu.